Riwaya ya muuaji wa mfululizo inayotendeka Nairobi: maswali ya waandishi yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni ya mtu anayeandika kwa Kiswahili na anayetaka hadithi yake isimame Nairobi yenyewe, si Chicago iliyobandikwa majina ya mitaa yetu.

Muuaji wa mfululizo na muuaji wa halaiki si mtu yule yule?

Hapana, ingawa maneno hayo huchanganywa kila siku. Muuaji wa halaiki huua wengi kwa mpigo mmoja. Wa mfululizo huua mtu, hurudi nyumbani, hula chakula chake, huenda kazini, na siku nyingine huua tena. Wataalamu walioitwa na FBI huko San Antonio, Marekani, mwaka 2005 walikubaliana kwamba watu wawili wanatosha, mradi wameuawa na mtu yule yule katika matukio tofauti. Sheria ya Marekani ya 1998 ilikuwa imetaja watatu.

Kwa mwandishi, kilicho muhimu ni kile kipindi cha katikati. Msomaji anajua muuaji atarudi, ila hajui lini. Kila siku jalada linapolala mezani, kuna mtu aliye hai kwenye ukurasa wa 90 anayesogezwa karibu na kifo. Taharuki ya riwaya hizi imekaa hapo. Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanazungumzia saa, siku na ucheleweshaji kuliko visu.

Wauawe wangapi?

Watatu au wanne. Kifo cha kwanza kila mtu hudhani ni wizi au ugomvi wa mapenzi. Cha pili humfanya mpelelezi mmoja, peke yake, aone kwamba mkono ni mmoja. Wa tatu auawe baada ya msomaji kumzoea: mpe sura mbili nzima, mkopo wa chama anaolipa kila Ijumaa, na kesi isiyoisha na dada yake kuhusu shamba. Ukifika wa saba, msomaji huanza kuhesabu badala ya kuomboleza.

Kila marehemu apewe jina kamili, hata akitokea ukurasa mmoja tu. Na jina Nairobi lina kazi yake. Kwenye ploti anaitwa Mama Brian, kwenye kitambulisho ana majina mengine matatu, na kwenye simu ya mteja anayemfulia nguo ameandikwa "Mama Nguo". Polisi wakiuliza majirani, hakuna anayejua la kitambulisho. Siku nne zinaweza kupotea hapo bila yeyote kuwa mzembe, na muuaji wako anazihitaji siku hizo nne.

Dokezo hupandwaje bila msomaji kulishtukia?

Chukua tokeni za stima. Mwanamke wa mtaa wa Umoja ameuawa nyumbani kwake. Katika sura ya 3 mpelelezi anapekua simu ya marehemu: ujumbe wa mweka hazina wa chama, ujumbe wa tokeni za shilingi 200 ulioingia saa tatu na dakika arobaini usiku, halafu simu tano ambazo hazikupokelewa. Msomaji atapita, kwa sababu simu yake mwenyewe imejaa jumbe kama hizo. Katika sura ya 5 msimamizi wa ploti analalamika kuhusu mambo mengi, na kati ya hayo anataja kwamba nyumba ile ilikuwa giza tangu jioni. Katika sura ya 17 mpelelezi anarudi, anasimama mbele ya mita na kubonyeza zile tarakimu 20 moja moja. Mita inakubali. Taa inawaka.

Tokeni iliyokwisha kutumika hukataliwa ukiirudia. Kwa hiyo hii haikuwahi kuingizwa. Marehemu alinunua stima, na hakupata hata dakika mbili za kuiweka. Aliyemuua alikuwa naye tayari, gizani.

Dokezo hilo linafanya kazi kwa sababu ni kitu ambacho msomaji anacho mfukoni, limegawanywa vipande viwili vilivyo mbali, na maana yake inatokea kwa kitendo, si kwa hotuba ya mpelelezi. Wengi huharibu kwa kuliweka mwishoni mwa aya au mwanzoni mwa sura, mahali ambapo jicho hupumzika. Liweke katikati ya orodha ya vitu vitatu au zaidi, na uache angalau kurasa 40 kabla ya kulivuna.

Na madokezo ya kupotosha?

Mawili yanatosha, na kila moja liwe na ukweli wake. Kijana anayefua nguo za damu usiku wa manane lazima mwishowe ajulikane kwamba anafanya kibarua cha kukata nyama katika soko la Burma na hataki mchumba wake ajue. Dokezo la kupotosha lisiloelezwa hadi mwisho ni deni ambalo msomaji hasahau.

Sura za muuaji ziandikwe kwa nafsi gani?

Nafsi ya tatu, na hapa Kiswahili kimekupa zawadi ambayo mwandishi wa Kiingereza huitafuta kwa jasho. "Alifungua mlango, akamtazama, akaketi." Hakuna anayejua kama ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kuandika kurasa 200 za muuaji bila kutaja jinsia na bila sentensi hata moja kukwama.

Tahadhari na maneno yanayofichua. "Ameoa" na "ameolewa" yanasema kila kitu, kwa hiyo andika "ana ndoa". Epuka kaka, shangazi, mke, mume, na majina ya mavazi. Angalia pia jinsi wengine wanavyomwita: ukiandika "mama yangu" au "mzee" kwenye mazungumzo, umekwisha. Mtu akisalimiwa "habari ya asubuhi, jirani", siri imebaki salama. Ukimaliza mswada, tafuta maneno hayo yote kwenye kompyuta, moja moja.

Sura za muuaji ziwe fupi, maneno 400 hadi 600, na zisizidi moja katika kila sura tano. Akizungumza sana huwa mtu wa kawaida mwenye malalamiko.

Niandike saa kwa Kiswahili au kama inavyoonekana kwenye simu?

Kwa Kiswahili, kwa maneno, kila mahali. Ujumbe wa simu unaosema 9:40 PM ni saa tatu na dakika arobaini usiku. Ukiandika "saa 9:40 usiku" umehamisha mauaji hadi karibu alfajiri, na msomaji makini atakuandikia.

Lakini kosa hilo hilo ni hazina ukimpa mhusika. Shahidi, mlinzi mzee, anasema kwa Kiswahili: "Nilimwona akitoka saa tisa usiku." Konstebo anayeandika maelezo yake kwa Kiingereza, akiwa amechoka, anaandika 9 PM, yaani saa tatu usiku, kwa sababu amesikia tisa tu. Mshukiwa anaachiliwa, maana saa hiyo alikuwa harusini Ruiru na watu mia moja wanamjua. Saa sita zimepotea kwenye karatasi moja. Mpelelezi akirudi sura kumi baadaye kumuuliza mzee yule kwa lugha yake, jibu linaanguka lenyewe. Ni fumbo ambalo haliwezi kuandikwa London.

Mwili ukipatikana Nairobi, polisi hufanya nini hasa?

Taarifa hufika kituoni na kuandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio, ikapewa namba. Askari wa kwanza kufika kazi yao ni kuzuia watu wasikanyage eneo. Kwenye ploti yenye lango moja na wapangaji sitini wanaokimbilia kazini, kazi hiyo huwashinda, na kila simu iko hewani ikirekodi. Ukiandika eneo tupu, kimya, lenye utepe pande zote, msomaji wa mtaa wa Pipeline hatakuamini.

Wataalamu wa eneo la tukio kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, huanza na picha kabla ya kitu kuguswa. Hufuata vipimo na alama za vidole, ndipo vitu hukusanywa. Nguo yenye damu hukaushwa na kutiwa kwenye mfuko wa karatasi. Ikitiwa kwenye plastiki ikiwa mbichi, unyevu hunaswa ndani, ukungu huota na DNA huharibika. Hili ni kosa zuri la kumpa askari mchanga mwenye nia njema, kwa sababu analifanya akijitahidi.

Mwili hupelekwa mochari, mara nyingi Nairobi Funeral Home, ambayo wengi bado wanaiita City Mortuary. Kabla ya upasuaji jamaa huitwa kuutambua. Asipopatikana jamaa, alama za vidole hulinganishwa na zile zilizochukuliwa wakati wa kutengeneza kitambulisho, na kwa hiyo mtoto wa chini ya miaka 18 ni vigumu zaidi kumtambua. Mwanapatholojia hufanya upasuaji, na sampuli hupelekwa kwa Mkemia wa Serikali zikiwa na fomu inayoeleza nini kipimwe. Kila anayepokea hutia sahihi. Sahihi moja ikikosekana, wakili wa mshtakiwa atauliza: kati ya Jumanne na Ijumaa, damu hii ilikuwa kwa nani? Majibu ya DNA yape wiki kadhaa. Usiyalete kesho yake asubuhi.

Jalada likiiva huenda kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, ambaye ndiye huamua kushtaki au kutoshtaki. Mpelelezi wako anaweza kuwa na uhakika wote duniani na jalada likarudishwa kwake.

Daktari anaweza kusema saa kamili ya kifo?

Hasemi dakika, husema kipindi. Joto la mwili hushuka kwa takriban nyuzi 1 kila saa, lakini ni kadirio tu: nguo, unene, sakafu na upepo hubadilisha hesabu. Kukakamaa huanza kuonekana kwenye taya na uso baada ya saa 2 hadi 4, hukamilika karibu na saa 12, kisha hulegea taratibu siku inayofuata. Damu hutuama upande wa chini wa mwili na alama zake hazihami tena baada ya saa 8 hadi 12 hivi. Alama zikiwa mgongoni na mwili umelala kifudifudi, kuna mtu aliyerudi kuugeuza. Swali la kwa nini alirudi linaweza kubeba sura tatu.

Joto huharakisha kukakamaa, baridi hukuchelewesha. Nairobi iko juu ya mita 1,600, na usiku wa Julai una baridi ya kweli. Mwili uliokaa msituni Ngong usiku huo na mwili uliokaa chumba cha mabati mchana wa Februari havisomwi kwa kipimo kimoja. Mwandishi anayetaka kuchanganya saa za mauaji mawili hana haja ya kubuni chochote.

Simu na kamera hazimalizi fumbo siku ya kwanza?

Zingemaliza kama zingesema ukweli wote. Rekodi za simu huonyesha mnara uliotumika, na mnara huhudumia eneo, si chumba. Katikati ya jiji eneo hilo ni dogo. Ukivuka kuelekea Kajiado linaweza kuwa la kilomita kadhaa. Laini inaweza kuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine. Lakini muuaji anayebadilisha laini na kubaki na simu ile ile amejifunga, kwa sababu namba ya simu yenyewe, IMEI, yenye tarakimu 15, haibadiliki na laini. M-Pesa nayo huacha saa, kiasi na jina la aliyepokea. Muuaji mwangalifu hulipa pesa taslimu, na muuza duka anayeshangaa kuona noti ni dokezo tayari.

Kamera zina matatizo mawili yanayofaa sana. Rekodi mpya hufuta ya zamani diski ikijaa, kwa hiyo mpelelezi aliyechelewa anakuta siku za karibuni tu. Na saa ya mashine yenyewe mara nyingi si sahihi. Mpelelezi mzuri hulinganisha saa ya kamera na saa ya kweli, huandika tofauti yake, dakika 17 kwa mfano, kabla ya kutazama picha yoyote. Ushahidi huo ukifika kortini huhitaji cheti chini ya kifungu 106B cha Sheria ya Ushahidi. Kukosa cheti kunaweza kuangusha kesi nzuri, na ya kitabu chako inaweza kuwa mojawapo.

Muuaji akikiri mbele ya mpelelezi, kesi si imekwisha?

Hapa ndipo miswada mingi huanguka. Kifungu 25A cha Sheria ya Ushahidi hakimruhusu mpelelezi wa kesi kupokea ungamo litakalotumika kortini. Linapokelewa na jaji, hakimu, au afisa wa polisi mwenye cheo cha kutosha ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, tena mbele ya mtu wa tatu aliyechaguliwa na mshukiwa mwenyewe. Ile sura ya mwisho unayoipenda, muuaji na mpelelezi peke yao chumbani, balbu moja juu, ukweli wote ukimwagika, haitamfunga mtu.

Usiifute. Mfanye mpelelezi ajue hilo. Anasikiliza kila neno, anajua mahali mwili wa nne ulipo, na anajua pia kwamba alichosikia hakina thamani mahakamani. Na Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka mshukiwa afikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku inayofuata ya mahakama saa hizo zikiisha mahakama imefungwa. Polisi huomba siku zaidi za kumzuilia, na hakimu anaweza kutoa chache kuliko zilizoombwa. Hesabu hizo saa kwenye sura zako.

Kesi husikizwa wapi, na adhabu ni ipi?

Mauaji, kifungu 203 cha Kanuni ya Adhabu, husikizwa Mahakama Kuu. Mshtakiwa kwa kawaida hupimwa akili kabla ya kusomewa shtaka, Nairobi mara nyingi katika hospitali ya Mathari. Kifungu 204 kinataja kifo, lakini tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2017 jaji halazimiki kutoa hukumu hiyo, na Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Usimalize kitabu kwa kamba.

Damu iwe kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Linganisha. "Damu ilitapakaa kila pahali na maiti ilitisha mno." Halafu: "Kandambili moja ilikuwa imepinduka mlangoni. Ya pili ilikuwa chini ya kitanda, imepangwa vizuri, imeelekezwa ukutani." Ya kwanza inamwambia msomaji aogope. Ya pili inamwacha aone kwamba mtu fulani, baada ya kuua, alipata muda wa kupanga kiatu.

Naweza kutumia kisa cha kweli?

Tumia jinsi mambo yanavyokwenda, usitumie watu. Julai 2024 miili ya wanawake ilitolewa kwenye timbo lililogeuzwa jaa la taka huko Kware, Mukuru kwa Njenga. Jamaa zao wako hai, wengine wanasoma Kiswahili vizuri kuliko sisi. Ukichukua jina, kazi, nguo alizovaa marehemu au maneno ya jamaa yake, umemzika mara ya pili. Kwa kesi iliyo kortini kuna pia hatari ya sheria. Badilisha mwaka, mtaa, kazi na njia ya kuua, yote manne. Kituo cha polisi nacho kibuni, hasa kama una askari mla rushwa. Barabara na matatu ziache za kweli.

Na barabara hizo zipime. Kama utetezi wa mshukiwa ni kwamba alikuwa kwenye matatu ya 125 kwenda Rongai, panda wewe saa kumi na mbili jioni, panda tena saa nne usiku, andika dakika. Tofauti yake inaweza kuwa kitabu kizima.

Sheng je?

Kwenye mazungumzo, ndiyo. Kwenye usimulizi, hapana. Chagua maneno yaliyodumu kama karao (polisi), keja (nyumba), mathree (matatu). La mwaka huu litakuwa limechuja kitabu kikitoka. Konstebo humwita mkubwa wake "afande".

Kiswahili kina jadi ya riwaya hizi?

Kina jadi imara ya upelelezi. Mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla alitokea kitabuni 1960, na Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* 1965. Kisha wakaja wapelelezi wengine wa riwaya, Willy Gamba na Joram Kiango. Muuaji wa mfululizo, aliyejengwa polepole kutoka ndani, bado ana nafasi kubwa.

Kitabu kiwe na urefu gani?

Maneno 60,000 hivi. Kitenzi kimoja cha Kiswahili hubeba sentensi nzima, kwa hiyo usijipime kwa vitabu vya Kiingereza vya maneno 90,000. Sura 40 za maneno 1,500 zinatosha. Ukiandika maneno 500 kwa siku, siku tano kwa wiki, rasimu ya kwanza ni wiki 24. Kwa maneno 280 kwa ukurasa utapata kurasa 214 au 215, na kwa kuwa vitabu vingi hupigwa chapa kwa mafungu ya kurasa 16, panga 224 ukijumuisha kurasa za mbele.

Nikimaliza?

Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kuisajili KECOBO, bodi ya hakimiliki ya Kenya, hurahisisha kuithibitisha. ISBN hutolewa na Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya. Kabla ya hayo, mpe mswada mtu mmoja asiyejua muuaji ni nani, na umwombe aandike pembeni, kila mwisho wa sura ya kumi, jina la anayemshuku. Akimtaja muuaji kwenye sura ya 10, dokezo lako moja limekaa mwishoni mwa aya, litafute. Akimshangaa kwenye sura ya 40 na asiweze kurudi nyuma kuonyesha alipopitwa, hukupanda vya kutosha.